Mgeni asiye mwanafunzi kuingia maktaba ya sheria ya chuo kikuu: nasafiri kutoka Lamu, nijiandae vipi?

Bint_Mkomani

Asalam aleikum. Naomba msaada wa wanaozijua taratibu za maktaba za sheria vyuoni. Ninatafiti wakf (mali iliyotengwa kwa ajili ya kheri) za kizazi hapa Lamu, zile ambazo mtu huwawekea watoto na wajukuu wake kwanza, kisha ndipo ziishie kwa maskini au msikiti. Si mwanafunzi wala si wakili. Nafanya kazi hii kwa kikundi cha wazee wa mtaa wanaoangalia nyumba za wakf.

Ninavyovihitaji ni hivi: kesi ya Bakhshuwen, [1952] AC 1 (AC ni Appeal Cases, ripoti za hukumu za rufaa za Uingereza), Sheria ya Makamishna wa Wakf, Sura 109, jinsi ilivyokuwa kabla ya kufutwa, hukumu mbili za iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, hukumu tatu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, na sura moja ya kitabu cha zamani cha sheria ya Kiislamu kisichouzwa tena.

Nafikiria maktaba ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Parklands, au ya chuo kingine Nairobi. Mgeni huruhusiwa? Abebe nini? Kuazima na kufotokopi je? Kuvuka Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha treni ya Miritini si safari ya kwenda kubahatisha.

Mkutubi_wa_Zamu

Waaleikum salaam dada. Vyuo vingi humruhusu mgeni, ila ruhusa ni ya kusoma ndani tu, ni ya siku zilizotajwa, na huombwa kabla ya kufika. Anayekuja na kitambulisho peke yake akitumaini kujieleza mlangoni hurudishwa na askari wa getini, na askari hana makosa: yeye hana mamlaka ya kukubali utafiti wa mtu. Mwenye mamlaka ni Mkutubi wa Chuo, kwa kupitia mkutubi anayesimamia tawi la sheria.

Andika baruapepe siku 14 kabla, uambatishe barua ya utambulisho. Iandikwe kwa Mkutubi wa Chuo, nakala kwa mkutubi wa sheria. Wengi huiandika kwa mkuu wa kitivo, ikakaa kwenye meza yake wiki nzima kabla ya kusukumwa inakotakiwa. Barua yenyewe isizidi nusu ukurasa. Kwa mfano:

"Tunamtambulisha [jina lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba yake], anayefanya utafiti juu ya wakf za kizazi Lamu. Anaomba kusoma maktabani Jumanne hadi Alhamisi, tarehe fulani, vitabu vilivyoorodheshwa hapa chini. Hataazima chochote."

Kisha orodha, sahihi, cheo na muhuri. Kiswahili kinafaa, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vichwa vya vitabu viache kama vilivyochapishwa, ili karani avipate kwenye katalogi.

Katika baruapepe hiyo uliza mambo manne, kila moja kwa sentensi yake: ada ya mgeni ni kiasi gani na hulipwa vipi, saa za wageni ni zipi, vitabu ulivyoorodhesha vipo rafuni siku hizo, na kama unaweza kupiga picha kurasa kwa simu. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Katalogi ikisema kitabu kipo, maana yake ni kwamba chuo kinacho. Huenda kiko kwa mfunga vitabu, au kwenye chumba cha akiba ambako wanafunzi hupewa kwa saa chache na mgeni husubiri wamalize. Mwombe mkutubi akiangalie kwa macho, akiweke kando kwa jina lako.

Jibu likija, lichapishe. Getini na kaunta ya maktaba ni ukaguzi wa sehemu mbili, na wa getini haoni baruapepe za maktaba.

Karani_wa_Chemba

Kabla ya barua, punguza orodha. Nusu yake haihitaji safari.

Hukumu za Malindi zisome hapo hapo Lamu. Tovuti ya Kenya Law inaweka hukumu za mahakama za juu bila malipo. Ukiona rejeleo lina "eKLR", au lina "KEELC" katikati na "(KLR)" mwishoni, hiyo ni ya mtandaoni, usiifuate rafuni Nairobi. Sura 109 nayo itafute humo humo kwenye sheria zilizofutwa, maana nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Wakf ya 2022. Angalia tarehe ya toleo unalolisoma, kwa sababu sheria ile ilirekebishwa zaidi ya mara moja, na wewe unataka maneno yaliyokuwa yakitumika mwaka wa wakf yenyewe.

Bakhshuwen ilifika Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, kwa rufaa kutoka Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na hukumu za Privy Council ziko BAILII, tovuti ya hukumu za Uingereza na Ireland, bure, za zamani zikiwa picha za kurasa. Tafuta kwa jina la mdaawa, na ujaribu tahajia zaidi ya moja, maana majina yetu yaliandikwa kila mtu alivyoyasikia. Tahadhari moja: nakala ya BAILII haina namba za kurasa za AC. Ukitaka kuandika "ukurasa wa 14", lazima ulione juzuu lenyewe.

Kinachobaki ni zile mbili za Mahakama ya Rufani na ile sura ya kitabu. Hapo ndipo safari inapata maana. Lakini mabano yasome sawasawa. Mabano ya mraba, kama [1952] AC 1, maana yake mwaka ndio jina la juzuu: unatafuta mgongoni 1952. Mabano ya duara, kama *Abdulla bin Wendo* (1953) 20 EACA 166 (EACA ni ripoti za ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki), maana yake juzuu linajulikana kwa namba: unataka la 20, ukurasa wa 166, na mwaka ni wa kukusaidia tu. (Kesi hiyo ni ya jinai, naitumia kama mfano wa kusoma.) EACA ilianza juzuu la 1 mwaka 1934 ikaishia la 23 mwaka 1956, kwa hiyo namba ya juzuu ukiijumlisha na 1933 unapata mwaka. Isipolingana, rejeleo lako limenakiliwa vibaya mahali. Lirekebishe ukiwa Lamu, si ukiwa kaunta.

Tena usichanganye EALR, EACA na EA. EALR ni ripoti zinazoanzia kesi za 1897. EACA ni hizo za 1934 hadi 1956. EA inaanza 1957. Ukiandika kwa maneno tu "ripoti za Afrika Mashariki" utaletewa seti isiyo yako, na mgeni mwenye siku mbili hana asubuhi ya kupoteza.

Barani_Malindi

Nyongeza. Chuo cha umma ni taasisi ya umma, na Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ipo pia. Wakikukatalia, wataje hizo. Hawawezi kumfungia raia mlango.

Karani_wa_Chemba

Barani, hapo sikubaliani nawe, na dada akiifuata njia hiyo itamchelewesha. Sheria ile inahusu habari ambazo taasisi inazo: kumbukumbu, maamuzi, takwimu, mikataba. Haimpi mtu kiti katika chumba cha kusomea wala kitabu kilichochapishwa na kampuni. Na muda wake ni siku 21 za kujibu ombi.

Inafaa kwa jambo jingine. Chuo kikimkataa bila kusema kwa nini, au kila karani akitaja ada yake, aombe kwa maandishi nakala ya kanuni za wageni pamoja na orodha ya ada. Hizo ni habari za taasisi kabisa, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mara nyingi likishaandikwa kwa upole, kanuni huletwa mapema na mlango hufunguka.

Bint_Mkomani

Ahsanteni sana, orodha imebaki vitu vitatu. Maswali mawili. Barua inaweza kutiwa sahihi na Kadhi au mwenyekiti wa kamati ya msikiti? Na zile databesi za kulipia za sheria, mgeni anaweza kuzitumia akiwa ndani?

Mkutubi_wa_Zamu

Barua ya Kadhi ni nzuri kwa sababu ina muhuri wa mahakama. Ya kamati hukubaliwa kama kamati imesajiliwa, ina anwani na simu inayopokelewa. Kinachotafutwa ni mtu wa kupigiwa kitabu kikipotea. Wakili anayelifahamu jambo lenu pia anaweza kuandika, na barua yake husomwa haraka.

Databesi ni suala la leseni, si la roho nzuri ya mkutubi. Mikataba mingine inaruhusu mgeni atumie kompyuta ya maktaba akiwa ndani ya jengo. Mingine inawataja wanafunzi na wafanyakazi pekee. Uliza kwa jina la databesi. Jibu likiwa hapana, usiombe nywila ya mwanafunzi. Mwenye databesi anaona akaunti moja ikipakua faili nyingi kwa muda mfupi, na anaweza kuzuia chuo kizima mpaka maelezo yatolewe. Wanaoumia ni wanafunzi wenye mtihani. Wifi nayo mara nyingi hutaka namba ya usajili, basi njoo na bando lako.

Fotokopi: sura moja kwa matumizi ya utafiti binafsi kwa kawaida haina shida, kitabu kizima hapana, kwa ajili ya hakimiliki. Majuzuu ya EACA usiyalaze kifudifudi kwenye mashine. Gundi ya mgongoni imekauka, na ukibonyeza mara moja tu kurasa zinaachia kwa mafungu. Omba kupiga picha: kitabu kimefunguka nusu, kimeegemezwa vitabu viwili pande zote, simu juu yake sambamba na ukurasa, bila mwanga wa flashi. Picha ya kwanza iwe ya ukurasa wa jina la juzuu, ndipo kurasa za kesi kuanzia kichwa cha kesi hadi majina ya mawakili mwishoni. Picha bila ukurasa wa jina, baada ya mwezi mmoja hujui umeitoa wapi.

Mkoba utauacha kwenye kaunta ya mizigo. Ingia na daftari, penseli, simu, na kitambulisho halisi, si picha yake.

Mkunguni

Kuhusu siku: lenga Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu kaunta imejaa, Ijumaa unapoteza saa za adhuhuri, na Jumamosi wageni aghalabu hawapokewi hata kama wanafunzi wako ndani. Epuka wiki za mitihani kabisa, viti havitoshi na wageni husimamishwa. Likizo ya chuo ni tulivu, lakini saa hupunguzwa, tena bila tangazo la maana.

Ondoka Lamu na boti ya alfajiri Jumapili, ili basi likichelewa kwenye vizuizi kati ya Witu na Garsen uwe na Jumatatu nzima ya kufidia.

Ukiwa na laptopu, iandikishe getini unapoingia: namba yake ya kiwandani, iliyoko chini ya kava, inaandikwa kwenye kitabu na unapewa kikaratasi. Kitunze kwenye daftari, si kwenye mkoba ulioacha kaunta. Jioni askari wa zamu mpya hakukuona ukiingia, na bila kikaratasi hicho laptopu haitoki.