Skuta ya umeme kwenye mabasi ya Walt Disney World wakati wa korona (2020–2021)

Swali: Wakuu, msaada. Skuta ya umeme, yaani kigari cha kukalia cha wasioweza kutembea sana, inapandaje basi la hoteli kule Walt Disney World (bustani za burudani za Florida, Marekani) wakati huu wa barakoa na kukaa mbalimbali? Dereva bado anaifunga kwa mikanda?

Jibu: Anaifunga, ndugu. Kabla ya daraja la kupandia, punguza kasi hadi alama ya kobe (kasi ndogo kabisa), uingie ukiwa umenyooka. Wengi hukwama wanapokata kona ndani, kwa hiyo nenda mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukishaegesha, zima ufunguo. Mikanda ifungwe kwenye fremu; ikifungwa kwenye usukani au kiti, vitu hivyo vinang'oka. Dereva akiinama kufunga, geuza uso pembeni.

Ukiweza, hamia kiti cha basi. Skuta ya magurudumu matatu hupinduka upesi kwenye kona.

Jibu: Pima skuta kabla ya kukodi. Kwa sheria ya Marekani, nafasi ya kiti cha magurudumu ndani ya basi ni angalau sentimita 76 kwa 122. Kapu la mbele nalo huongeza urefu.

Jibu: Kuhusu usafi: lowesha kitambaa kwa kitakasa, ufute vishikio na kitufe cha kasi. Usipulizie moja kwa moja, maji yataingia kwenye tundu la chaja.