Naomba ushauri kuhusu kutembelea makanisa makuu ya kale wakati wa likizo

Ndugu zangu, mimi na mke wangu tunajiandaa kwa likizo itakayotupitisha Ufaransa na Ujerumani, na tumekusudia kuyaona makanisa makuu ya Chartres na Köln, pamoja na Notre-Dame ya Paris, iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 2019.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni Chartres. Vioo vyake vya rangi, ambavyo vingi ni vya karne ya 13, hubadilika kadiri jua linavyosogea: madirisha ya mashariki hung'aa asubuhi, ilhali lile kubwa la duara la magharibi hungoja jua literemke. Je, inafaa tushinde humo kutwa nzima, au twende mara mbili kwa siku tofauti? Na darubini ndogo itasaidia kuzisoma picha zilizo juu kabisa?

Köln, mnara una ngazi 533, nami nitapanda peke yangu kwa sababu ya magoti ya mwenzangu.

Zaidi ya yote, hizi ni nyumba za ibada. Waliokwisha kufika, naomba mnieleze ni saa zipi mgeni anaweza kutazama kwa utulivu bila kuwakatiza wanaosali.