Kadi yangu ya Ubelgiji itapona ndoa ikivunjika?

Kipepeo_Lushi: Hodi wapendwa. Mume wangu ni Mbelgiji, tulifunga ndoa komini hapa Lubumbashi, akaniita Liège kwa viza ya kuunganisha familia. Nimekuja kumzika baba. Msiba umeisha, ndege ni mwezi ujao, na mume hashiki simu. Tribinali ikivunja ndoa, kadi F, ile ya kukaa kule kama mke wake, wananinyang'anya? Usingizi sipati.

Papa_Katuba: Pole binti. Mdogo wangu alioa mzungu wa Namur, akarudi na begi moja na jiko la umeme. Miaka sita jiko liko kabatini, umeme wenyewe uko wapi?

Avoka_mdogo: Ndoa ina muda gani, na nani anaivunja? Katika miaka 5 ya kwanza ofisi ya wageni inaweza kufuta kadi, hata mkiacha tu kuishi pamoja. Unaponea kama siku kesi inafunguliwa ndoa imetimiza miaka 3, mmoja wake Ubelgiji. Au unalea mtoto wenu. Au alikuwa akikupiga. Na bado watauliza kazi au mapato, na bima ya afya.

Kipepeo_Lushi: Miaka 2 na miezi 8. Mtoto hatuna.

Avoka_mdogo: Nani anavunja?

Mama_Rozali: Mwanangu, funga siku tatu, omba. Mimi wangu alirudi.

Kipepeo_Lushi: Sawa, ni mimi. Juzi nimepeleka karatasi tribinali ya amani hapa hapa, wino wa muhuri bado uko kidoleni. Msinihukumu. Alinivunja jino, ninalo kwenye kiberiti. Daktari wa kule aliandika cheti, polisi sikwenda, aibu. Ningengoja miezi minne ya nini? Na kuna mtu amekwisha leta mahari, baba amepokea.

Mama_Rozali: Mahari juu ya ndoa! Siku hizi mnaolewa na kadi.

Mwana_Kenya: Ngojeni kwanza. Baba si alizikwa? Kafufuka ale mahari? Uzi wa kutunga huu, kesho ataomba tumchangie tiketi.

Papa_Katuba: 😂😂 Mimi nilishatoa machozi bure.

Kipepeo_Lushi: Mwana_Kenya, kwenu hakuna baba mdogo? Aliyezikwa ndiye aliyenizaa. Aliyepokea ni mdogo wake.

Mwana_Kenya: Eh, dada, samahani. Lakini jino kwenye kiberiti…

Avoka_mdogo: Jino liacheni. Dada, kwa kufungua kesi juzi umejikatia miaka 3 mwenyewe, unabaki na cheti cha daktari peke yake. Kina tarehe? Kesho asubuhi nenda kwa karani, uliza kama kesi inaweza kuondolewa kabla mume hajaitwa. Na umpate avoka, yaani wakili, wa kule kabla ya ndege.

Kipepeo_Lushi: Cheti kiko Liège, ndani ya kabati lake. Kesho siwezi, kesho wanaleta mbuzi.