Nirudi mjini kufungua mgahawa, au nibaki kupikia nyumbani? (Arusha)

Mpishi wa Njiro: Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri.

Kabla ya korona nilikuwa na mgahawa karibu na Mnara wa Saa. Wateja wangu wengi walikuwa wageni wa safari. Machi 16, 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza nchini yuko hapa hapa Arusha, kashukia uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji. Hakuna aliyetuamuru tufunge. Tuliweka ndoo za maji tiririka mlangoni, tukatenganisha meza. Lakini Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na anga lilipofunguliwa Mei kodi ilishanishinda. Kuwaaga wahudumu wangu kunaniuma hadi leo.

Tangu hapo napikia nyumbani: ndizi nyama, pilau, mtori. Bodaboda anasambaza maofisini, na ada za watoto zinapatikana. Sasa dalali kaniletea fremu mjini. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, anayehama naye anadai kilemba, yaani hela ya kuniachia nafasi. Wageni wamerudi, na mimi natamani sana kumwona tena mtu akila mbele yangu. Ila kutegemea ndege kunanitisha. Nifanyeje?

Mzee wa Sakina: Binti yangu, kilemba usitoe hata shilingi kabla hujakaa na mwenye nyumba mwenyewe ukauona mkataba. Dalali anataka chake tu. Halafu nenda ukae jirani na hiyo fremu saa saba mchana siku ya kazi, uangalie watu wanaingia wapi kula.

Mama wa Rau: Dada, pole sana. Huku Moshi mwaka ule wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, walikaa bila mlima wa kupanda, na sehemu zilizowalisha wapanda mlima zikapoa kabisa. Supu na chapati za stendi ziliendelea, maana mlaji wake ni kondakta na mwenye duka. Ukifungua, panga bei ya mtu wa Arusha. Mgeni naye atakula ndizi hiyo hiyo.

Dereva wa Pori: Mimi naendesha watalii. Umefikiria lanchi boksi? Tunazibeba alfajiri kwenda Tarangire na Ngorongoro, na zile za kuku mkavu na keki ngumu wageni wanazirudisha nusu. Hapo huhitaji fremu, unahitaji kuamka saa tisa usiku. Kazi ni nyingi Juni hadi Oktoba. Masika utabaki na maofisi yako, kwa hiyo usiyaache.

Mpishi wa Njiro: Mzee, ahsante, kesho saa saba nipo pale. Kaka dereva, hizo kampuni zinalipa papo hapo?

Dereva wa Pori: Nyingine hadi mwisho wa mwezi. Dai nusu kabla ya kuwasha jiko, na anza na kampuni moja ndogo. Nitumie menyu yako pembeni, nimwonyeshe bosi wangu.