Tupeane uzoefu: wewe wa bondeni, ulijuaje kwamba maji yanakuja?

Mjukuu wa Dungu

Wakuu salaam,

Mimi ni mtoto wa Rufiji, kwetu ni bondeni upande wa Mohoro. Jambo hili limenikaa moyoni tangu Aprili 2024, ndiyo maana nimeamua kulileta hapa.

Bibi yangu amelima bonde maisha yake yote. Msimu wa mpunga analala dunguni, kibanda cha juu ya nguzo, akilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Kila jioni ya masika anachomeka kijiti pale maji yalipofikia, asubuhi anakwenda kukitazama. Yakikipita kwa vidole viwili, anaendelea na kazi zake. Yakikipita kwa shubiri, anaanza kupandisha magunia. Anatazama pia mto umebeba nini. Povu na majani makavu, hiyo kwake ni mvua ya hapa hapa. Magogo mabichi yenye mizizi, hiyo ni mvua ya mbali, na hiyo ndiyo anayoiogopa.

Ana haki ya kuiogopa. Rufiji haijazwi na mvua ya Rufiji. Maji yanaletwa na Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, yaani mvua iliyonyesha Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Songea. Utete kunaweza kuwa na jua la kukausha samaki na mto bado unapanda.

Mwaka ule kijiti hakikusaidia. Alikichomeka magharibi, alfajiri hakikuonekana tena, na maji yalikuwa yameshagusa ngazi ya dungu. Mimi nilikuwa Mbagala. Taarifa ilikuwa imenifikia mimi tangu saa tatu usiku, kwenye kundi la ukoo, imesambazwa mara nyingi hata hujui nani aliiandika. Nikampigia bibi, hapatikani. Mawingu ya siku nne, sola haikuchaji simu. Nilipiga mpaka kumekucha. Niliyekuwa Dar nilijua. Aliyelala juu ya maji hakujua.

Mjomba alimtoa kwa mtumbwi saa mbili asubuhi. Alikubali kupanda na kitu kimoja tu, kibuyu cha mbegu ya mahindi, mdomo umezibwa kwa nta. Tulimlaumu sana kwa kuacha nguo na vyombo. Maji yalipopwa akapanda mlau, yaani mazao ya kwenye tope linaloachwa na mafuriko, na majirani watano wakaja kumwomba mbegu. Sijamlaumu tena.

Waziri Mkuu alisema bungeni Aprili ile kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Nikiisoma namba hiyo namfikiria bibi na simu iliyozimika.

Naomba wa mabonde yote tusimuliane: nani alikuambia, ulikuwa umebakiwa na muda gani, na ulibeba nini. Siasa tuziache kwingine, tafadhali.

MtoTana

Hamjambo wenzangu. Mimi ni wa Garsen, kaunti ya Tana River. Kwetu taarifa huja mapema, na hilo nalo lina shida yake.

Mto wetu una mabwawa matano juu huko, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga likifurika, redio husema, chifu husema, na maji huchukua siku kadhaa kutufikia. Novemba 2023 tuliambiwa tuhame, tukahama. Aprili 2024 tukaambiwa tena. Sasa mtu amepanda tena, amejenga tena choo, anakwambia ngoja nione kwanza. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alisema ameona mafuriko ya 1961 akiwa mtoto na El Niño ya 1997, hawezi kukimbizwa na redio.

Aliyemtoa ni imamu. Baada ya swala ya isha alichukua kipaza sauti cha msikiti akataja nyumba moja moja kwa jina la mwenyewe: fulani, maji yamefika kwa jirani yako, toka. Kusikia jina lake mbele ya mtaa mzima, mzee akainuka. Redio huambia kaunti nzima, haikuambii wewe.

Jambo la pili ni barabara. Wiki hiyo hiyo, Aprili 28, boti ilipinduka Kona Punda karibu na Garissa kwa sababu barabara imekatika na watu wana haraka ya kuvuka. Watu walikufa pale. Tangu hapo nyumbani kwetu tuna sheria: maji yakishakata njia, tunakaa upande tuliopo, hata kama ni njaa ya siku mbili.

Kijana wa Kazi

Samahanini ndugu zangu lakini mimi naona suluhisho ni moja. Hamieni juu, bonde liwe la kulima tu. Kila mwaka mnalia.

Mjukuu wa Dungu

Mkuu, nakujibu kwa heshima. Jambo hilo lilishafanyika. Baada ya mafuriko ya 1968 watu wa bondeni walihamishiwa vijiji vya juu, ndiyo Operesheni Rufiji, hata kabla ya vijiji vya ujamaa kuenea nchi nzima. Bibi alihamishwa akiwa msichana. Nyumba ikawa juu, kwenye mchanga, na shamba likabaki chini, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Mpunga usiolindwa unaliwa na nguruwe usiku mmoja. Kwa hiyo watu wakarudi kulala kwenye madungu, na 1974 maji makubwa zaidi yakawakuta huko huko.

Na elewa kwamba mafuriko ndiyo mbolea yetu. Maji yakipanda yanaacha tope jeusi, na samaki wanaingia kwenye maziwa ya pembeni. Yakipungua tunapanda mlau bila kusubiri mvua. Mwaka ambao mto haukujaa kabisa, kwetu ni mwaka wa njaa. Hatuombi maji yasije. Tunaomba kuambiwa.

Kijana wa Kazi

Nimekuelewa. Sikujua habari ya mlau. Samahani kwa lugha niliyotumia.

Buyenzi hadi Gatumba

Amani kwenu. Mimi ni Mrundi, tumekaa Gatumba miaka kumi na minane. Gatumba iko chini, Rusizi upande mmoja, ziwa Tanganyika upande mwingine.

Rusizi ilipovunja kingo Aprili 2020 ilikuwa kama mnavyosimulia, usiku, watoto mabegani. Lakini yaliyotumaliza ni ya ziwa. Ziwa halina haraka. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo likijaa linachukua miaka. Mwaka 2024 lilipanda sana tena. Maji yaliingia uani, tukaweka tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda. Mwezi ukapita, tofali la pili. Watoto wakazoea kwenda shule na viatu mkononi. Hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema, leo ndiyo maafa. Na kama hakuna siku, hakuna anayekuja na hema wala unga.

Tulitoka kwenye tofali la nne. Mke wangu ndiye aliyeamua, alipoona nyoka majini ndani ya chumba cha watoto. Kama uko kwenye maji ya polepole, chagua alama yako mapema. Sema tofali la pili tunaondoka, na uondoke. Sisi tulipoteza afya ya mtoto kwa kusubiri la nne.

Mwana wa Maskati

Assalaam aleykum. Mie ni wa asili ya Pemba, niko Maskati. Si mtu wa bonde, ila kazini nimekaa miaka sita na Mbangladeshi mmoja wa kisiwa cha Bhola, na nimeona bora niwaletee alonisimulia, kwa sababu nchi yao ni bonde tupu. Mito mitatu mikubwa, Ganges, Brahmaputra na Meghna, inamwagika hapo hapo pamoja na tufani za baharini.

Tufani ya Novemba 1970 iliua kwao watu wasiopungua 300,000. Babu yake na mashangazi wawili walikwenda na maji. Ya Aprili 1991 iliua kiasi cha 138,000. Ya 2007, Sidr, ilikuwa na nguvu kubwa vile vile, waliokufa wakawa elfu tatu na kitu. Nikamuuliza, mlifanya nini? Nilidhani atanambia ukuta wa mabilioni.

Akanambia: bendera. Tangu 1972 kuna mpango wa watu wa kujitolea, sasa ni zaidi ya 70,000, wanakijiji wenyewe. Kila mmoja ana nyumba zake anazozijua. Bendera moja ikipandishwa, sikiliza. Mbili, jitayarishe. Tatu, toka sasa hivi, na mtu anapita na kipaza sauti cha mkononi mlango kwa mlango, kikongwe asiyeweza kutembea anabebwa. Wanakimbilia skuli iliyojengwa juu ya nguzo ndefu, maji yanapita chini.

Na hili ndilo lilonigusa. Zamani watu walikuwa hawatoki kwa sababu ya ng'ombe. Basi wakajengewa vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo, wanaviita killa. Mama yake 1991 alikataa kutoka kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa maziwa. 2007 alitoka wa kwanza, ng'ombe yuko kilimani.

MtoTana

Kaka wa Maskati, hilo la ng'ombe ungelisema mbele ya wazee wa Kiorma wangekupa mbuzi. Kwetu anayebaki nyuma mara nyingi ni mchungaji.

Nesi wa Mtoni

Mimi naongezea ya baada. Nilihudumia kambi ya waathirika shuleni, mkoa nauhifadhi. Watu walifika na redio, magodoro, hata milango ya nyumba. Waliofika na dawa zao walikuwa wachache mno. Mzee wa presha, mama wa ARV, mtoto wa kifafa, wote dawa ziko chini ya maji na hawakumbuki majina yake. Kadi za kliniki zimelowa hazisomeki.

Fungeni dawa na kadi kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko mkaza, itundikwe juu ya mlango kuanzia Machi. Na maji ya kunywa yachemsheni hata kama kuni ni shida, kwa sababu vyoo vyote vimeshafunguka humo. Siku ya tatu tulianza kupokea kuhara. Wengine hawakufa kwa mto, walikufa kwa kikombe.

Mjukuu wa Dungu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimekuwa nyumbani wiki iliyopita. Ukuta wa darasa bado una mstari wa tope la 2024, tumeupaka rangi nyekundu usifutike. Kitongoji kimekubali watu wanane, kila mmoja na madungu yake ya kuyapitia kwa mtumbwi. Filimbi tumenunua. Kimebaki kitu kimoja: tusikie mapema kutoka juu. Siku hizi kuna Bwawa la Nyerere katikati, lilianza kujazwa Desemba 2022, kwa hiyo mto haupandi tena kwa mwendo aliouzoea bibi. Tunahitaji kujua mvua ya juu na pia milango ya bwawa.

Ifakara Stendi

Mkuu, nimekuwa msomaji tu hapa, leo nachangia. Mimi navuka daraja la Kilombero kila siku na bodaboda. Nguzo nazijua, najua maji yakifika wapi watu wa Mlimba wanaanza kuhama. Nitumie namba yako, na ya mtu mwingine ambaye simu yake haizimi. Nitakuwa nakupigia jioni, si ujumbe, nakupigia.

Leo saa kumi na moja mto ulikuwa chini, mchanga unaonekana upande wa kushoto.