Kila mtoto kwa kasi yake: darasa la watoto 60 linaweza?

Mada: tunaambiwa shule ya kisasa imfundishe kila mtoto kwa kasi yake. Darasa la 3, watoto 60, kipindi cha dakika 40. Inawezekana?

Chaki: Piga hesabu. Kila mtoto anaangukiwa na sekunde 40. Hata daftari hujalifungua.

MwlKKK: Mkuu, mbona unahesabu vichwa? Hesabu viwango. Mwite mmoja mmoja asome silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya darasa la 2. Anapokwama, hapo ndipo pa kuanzia. Dakika 2 kila mmoja, vipindi 3 umemaliza. Andaa matini 3 tofauti zisizo na picha, la sivyo mtoto wa kumi atakariri alichosikia kwa wa kwanza. Utabaki na makundi 4. Pratham, shirika la elimu kule India, huchanganya hata darasa la 3 hadi la 5, wanaangalia kiwango, umri hauwahusu.

TehamaShuleni: Vishikwambi vyenye programu ya mazoezi vinapima vyenyewe. Akipata, swali linapanda, akikosa, linashuka.

MwlKKK: Programu inafuata akaunti, haimjui mtoto. Wakigombea 3 kishikwambi kimoja, mwepesi ndiye anayebonyeza, na wenzake wanaletewa maswali ya mwepesi. Kila mmoja awe na akaunti yake na zamu yake. Chaji sijaigusa.

Mzazi_Moro: Hayo makundi yanageuka majina. "La silabi" linaitwa la wajinga.

MwlKKK: Yakikaa muhula mzima, ndiyo. Pima tena kila baada ya wiki 3, uhamishe watoto. Anza na kundi la silabi, dakika 15, kadi za manila mkononi. Kelele lakini huanzia kundi la hadithi, maana wanamaliza mapema. Watunge maswali 5, wabadilishane.

Chaki: Na upimaji wa kitaifa wa darasa la 4? Mtoto wa silabi anakaa na karatasi ileile. Mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, naye anataka andalio la somo linalofuata azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula.

MwlKKK: Andalio moja lenye shughuli 4 linaandikika. Ila hapo umenibana: natetea vipindi vya kusoma na hesabu tu. Sayansi darasa zima lifundishwe pamoja.