Mjadala: Mwendokasi liishie Kimara, au liingie hadi Kibamba na Goba?

Mpanga Ratiba
Wakazi wa Mbezi, Kibamba na Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, wanataka basi la mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yao wenyewe, liwachukue huko huko na kuwashusha Kivukoni, katikati ya jiji, bila kubadilisha gari. Mimi napinga. Njia kuu iishie Kimara, huko pembezoni wahudumiwe na mabasi mlisho, yaani magari yanayowaleta abiria kwenye njia kuu na kuwarudisha.

Sababu ni hesabu ya magari. Chukua muda wa mzunguko mzima, yaani kwenda, kurudi na dakika za kugeuza, ugawanye kwa nafasi kati ya basi na basi. Tuseme Kimara–Kivukoni na kurudi ni dakika 100 na unataka basi kila dakika 4: unahitaji mabasi 25. Refusha hadi Kibamba, mzunguko uwe dakika 160: sasa ni mabasi 40. Hayo 15 usipoyanunua, dakika 4 zinageuka zaidi ya 6, na basi linafika Ubungo na Magomeni limeshajaa. Halafu asubuhi linarudi Kibamba karibu tupu, likichoma mafuta yale yale.

Mkazi wa Goba
Mkuu, hesabu yako imemhesabu basi, haijamhesabu abiria. Anayetoka Goba anasubiri gari la kwanza, anashuka, anapanga foleni ya tiketi, anasubiri la pili. Jioni mambo yanageuka: mwendokasi moja refu linamwaga watu zaidi ya mia Kimara, na daladala inayowasubiri ina viti visivyofika 30. Wanaobaki ni wazee, wajawazito na wenye watoto, kwa sababu kupanda kwenyewe ni kwa kusukumana.

Na nauli je? Huduma ilipoanza Mei 2016 njia kuu ilikuwa shilingi 650, mlisho 400, na ukiunganisha zote mbili unalipa 800. Punguzo lile la 250 ndilo lililofanya kubadilisha gari kuvumilike. Mlisho usio na tiketi ya pamoja ni nauli mbili tu, na mwenye kipato kidogo ndiye anayeishi mbali zaidi.

Fundi wa Karakana
Nawaongezea upande wa chuma. Vituo vya mwendokasi viko katikati ya barabara na jukwaa limeinuliwa, kwa hiyo abiria wanapandia mlango wa kulia, usawa wa sakafu. Kituo cha kawaida kiko kushoto, chini. Basi la kufanya kazi zote mbili lazima liwe na milango pande zote, ya kushoto ikiwa na ngazi. Ukikuta basi lenye milango ya kulia peke yake, hilo halitoki nje ya njia yake.

Basi la mita 18 lenye kiungo katikati msilipeleke mitaani kabisa. Matuta na mashimo yanamaliza mifuko ya upepo inayobeba bodi, yanachana turubai la kiungo, na vumbi linaziba chujio la hewa kabla ya siku zake. Mita 12 linavumilia, ila barabara iwe ya lami.

Kitu kingine kinachosahaulika ni maegesho. Karakana iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi. Mafuriko yakija, barabara inafungwa na maji yanaingia kwenye nyaya, giaboksi na ekseli. Hata siku kavu, basi linalolala Jangwani linapanda hadi Kimara alfajiri bila abiria. Jengeni uwanja upande wa Mbezi wenye pampu ya mafuta, kompresa na shimo la ukaguzi, mabasi ya kwanza yaanzie huko. Na kwenye kila mabasi 10, hesabuni 9 barabarani, 1 gereji.

Mmiliki wa Daladala
Mnazungumza mlisho kana kwamba magari yataota. Magari ni yetu, na yanaendeshwa kwa hesabu: dereva anamletea mwenye gari kiasi cha siku, kinachobaki ni chake na konda. Ndiyo maana gari haliondoki mpaka lijae, jioni linakatisha ruti, na mwanafunzi anaachwa kituoni kwa kuwa analipa kidogo. Mfumo huo haubadiliki kwa kupaka gari rangi mpya.

Mtulipe kwa kilomita, nauli iingie kwenye mfuko mmoja. Dereva apewe mshahara, kifaa cha kufuatilia gari kihesabu safari, na safari isiyofanyika ikatwe. Hapo mwanafunzi na mtu mzima wanakuwa abiria sawa. Bogotá, Kolombia, kwenye TransMilenio, yaani mwendokasi wa huko, safari ya mlisho ilikuwa ndani ya nauli moja. Lakini malipo yafike kila wiki. Gari la mkopo halingoji miezi miwili. Yakichelewa, dereva atarudi kwenye hesabu kimyakimya.

Mpanga Ratiba
Nakubali hoja moja. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha, kwa hiyo mabasi machache ya mita 12 yanaweza kutoka Mbezi moja kwa moja, saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, na kurudi hivyo jioni. Yasisimame kila kituo, ili nafasi za Ubungo zibaki kwa mabasi ya Kimara. Goba ibaki mlisho. Tiketi ya pamoja naiunga mkono bila masharti, idumu angalau dakika 90 tangu igongwe mara ya kwanza.

Mkazi wa Goba
Dakika 90 hazitoshi siku ya mvua, ziwe 120. Na muandike kwenye mkataba kwamba mlisho wa mwisho hauondoki Kimara mpaka basi la mwisho la Kivukoni liwe limefika na kushusha. Saa 5 usiku ndipo watu wanapoachwa pale, na bodaboda ya kwenda Goba inakula nauli ya siku mbili.